Gari Iko Sawa, Inatembea

Chini ya boneti ya Probox ya mzee wangu palikuwa na kikadi cha manjano kilichofungwa kwa waya. Kilikuwa kimeandikwa kwa kalamu: sevisi ijayo, 187,000. Aliyekifunga ni fundi mmoja wa hapa Satellite, kando ya Naivasha Road. Siku injini ilipokufa, karibu na Dagoretti Corner, na kreti za mayai zikiwa nyuma, mita ya kilomita ilikuwa imepita 203,000.

Fundi alichomoa kile kijiti cha kupimia oili, akakipangusa, akakirudisha, akakichomoa tena. Kilitoka kikavu. "Mzee, hii injini imenoki," akasema. Mzee alijibu kama mtu anayejitetea kortini: "Lakini si ilikuwa inatembea?"

Oili na filta ingemgharimu kama 4,000. Injini ya eksi-Japani kutoka Kirinyaga Road, pamoja na kazi ya kuifunga, ilipita 85,000. Mimi nilikuwa mwaka wa pili chuoni, na pesa iliyokuwepo nyumbani ilikuwa ya karo yangu. Tukakaa mezani, tukapiga hesabu. Bila gari hakuna mayai, bila mayai hakuna kodi ya nyumba. Nikasema sawa, nitaruka muhula mmoja. Sikurudi.

Kwa muda mrefu nilimlaumu mzee kimoyomoyo, nikimwona mzembe. Halafu nikaanza kuangalia magari ya mtaa huu, na hadithi ya uzembe ikakataa kusimama. Watu wanaoamka saa kumi usiku kwenda sokoni si wazembe. Watu wanaoosha gari kila Jumapili hadi rimu zing'ae si wazembe. Mbona basi hakuna anayefungua boneti mpaka moshi utoke? Nadhani jibu liko katika historia ya jiji hili, na linahusu kesho ya gari ni ya nani.

Tuanze mbali kidogo. Nairobi yenyewe ilizaliwa kama gereji. Reli ilipofika hapa mwaka 1899, wajenzi walihitaji mahali tambarare pa kupumzisha vichwa vya treni, kuvikarabati na kuweka vifaa kabla ya kuanza kupanda milima kuelekea Bonde la Ufa. Karakana zikaja, kisha nyumba za wafanyakazi, kisha jiji. Na reli ilikuwa na nidhamu moja: kichwa cha treni kilikaguliwa kwa ratiba, kikiwa kinatembea vizuri au la. Anayelipa oili ndiye angelipa hasara ya ajali. Kesho ya mashine ilikuwa mikononi mwa mwenye mashine.

Kenya Bus Services, iliyoanza kazi Nairobi mwaka 1934, ilifuata mtindo huohuo. Ilikuwa na depo, na mafundi wa mshahara. Dereva wa KBS alikuwa mwajiriwa. Basi lake likiingia depo kukaguliwa breki, yeye hakulala njaa. Kumbuka hilo, kwa sababu ndilo lililopotea.

Mabasi hayo hayakutosha na hayakufika kila mahali. Kwenye mapengo hayo ndipo matatu zilipoingia, zikilipisha mapeni matatu, yaani senti thelathini, na kutoka hapo likaja jina. Mara nyingi yalikuwa magari makuukuu yaliyofufuliwa na mafundi wa mtaani. Mwaka 1973 Rais Kenyatta akatangaza kwamba yanaweza kubeba abiria bila leseni walizodaiwa wenye mabasi. Biashara ikalipuka.

Pamoja na matatu likaja patano ambalo kila mtu wa Nairobi analijua hata kama hajawahi kupanda kiti cha dere. Mwenye gari anataka hesabu yake ya siku. Inayobaki, baada ya mafuta na mambo ya barabarani, ni ya dere na makanga. Sasa fikiria wewe ndiye dere. Breki zimeanza kulia. Ukipeleka gari kwa fundi saa nne asubuhi, litatoka saa nane. Mwenye gari bado anataka hesabu. Saa hizo nne zimetoka kwenye unga wako. Na injini ikifa mwaka ujao? Huenda mwaka ujao uko kwenye gari lingine. Mwenye gari ana kesho lakini hasikii breki zikilia. Anayezisikia hana kesho na gari hilo. Oili inakauka katikati ya hao wawili.

Serikali iliona hatari. Sheria ya mwaka 1984 ikaweka matatu chini ya leseni na ukaguzi. Februari 2004 zikaja sheria za Michuki: mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano, abiria kwa idadi. Nchi nzima ilitembea kwa miguu siku zile za kwanza, na nidhamu fulani kweli ikaingia. Lakini ukaguzi ulibaki mtihani wa mara moja kwa mwaka, na tunajua mtihani unavyofanywa. Kila steji ina hadithi ya gari lililoenda Likoni Road, Industrial Area, likiwa na matairi ya kuazima, likapita, kisha likarudi kuvalia vipara vyake.

Kuna mafunzo mengine tuliyapata upande wa furaha. Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda Safari Rally kwa Volvo PV544. Gari lile lilikuwa mtumba. Timu ya Volvo ilikuwa imelikimbiza kwenye Safari ya mwaka uliotangulia. Nchi ikapenda hadithi hiyo, na kila baba aliyekuwa na Peugeot 504 au Datsun akajifunza kutoka kwa Safari kwamba kuna magari yasiyokufa. Tulichosahau ni kwamba Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa, na kwamba nyuma ya kila gari la Safari palikuwa na mafundi wanaolisubiri njiani na spana mkononi. Tulishangilia vumbi. Wale waliobadilisha shoka na matairi usiku, nani anawakumbuka?

Halafu kuna fundi wetu wenyewe. Katika miaka ya 1970 na 1980, kuagiza spea kulihitaji leseni na fedha za kigeni ambazo hazikupatikana kirahisi. Mafundi wa Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, wakajifunza kufanya kile ambacho kampuni iliyotengeneza gari ingesema hakiwezekani: kuchonga bushi, kuziba rejeta, kuhamisha kifaa cha gari hili kwenda gari lile. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ilikuwa imesema wazi kwamba watu wa kazi kama hizi si wavivu wala wahuni, ni uchumi. Tukawaita jua kali, na jina likawa la heshima.

Lakini ufundi huo ulitupa ugonjwa pia. Kwa vile fundi anaweza kufufua chochote, tukaacha kutunza. Na tukamlipa kwa kufufua tu. Hakuna anayemlipa fundi wa Satellite kwa kusema, "Nimeangalia, kila kitu kiko sawa, nenda." Ukimpelekea gari zima ataona huna kazi, na wewe utamwogopa: labda atalegeza kitu ili urudi, labda oili yake imechakachuliwa. Hofu hiyo wakati mwingine ina msingi. Lakini kama fundi angekuwa anakula kwa uzima wa gari badala ya kula kwa ajali yake, mazungumzo yetu yangekuwa mengine.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 milango ya uagizaji ikafunguliwa, na magari ya mtumba kutoka Japani na Dubai yakamwagika. Baadaye ikawekwa kanuni kwamba gari lisiwe limezidi miaka minane. Kule Japani gari jipya la binafsi hukaguliwa likifika miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na ukaguzi huo, unaoitwa shaken, una gharama kubwa kiasi kwamba wengi huona heri kuuza. Gari linaloshuka Mombasa kwa hiyo ni gari lililolelewa. Maisha yake yote limekuwa na mtu wa kuliuliza, "Umeonekana lini na daktari?"

Hapa maswali hayo yakaisha. Magari ya abiria na ya mizigo yana ukaguzi wake wa kila mwaka, lakini la binafsi limeishi miaka mingi bila mtu wa kuligusa, na kila NTSA ikitaja mpango wa kukagua ya binafsi pia, tunapiga kelele kwamba ni njia nyingine ya kutukamua. Kitabu cha sevisi, kama kimekuja na gari, kimeandikwa Kijapani. Tunarithi gari lakini haturithi tabia iliyolifikisha salama.

Mzee wangu alinunua Probox yake kwa mkopo. Nilipokaa chini na madaftari yake, kitu kimoja kilinikaa kooni. Mkopo ulikuwa na tarehe, na tarehe ikipita simu inalia. Bima ilikuwa na stika, na polisi kwenye kona anaiangalia. Mafuta yana taa ya dashibodi na gari litakalosimama leo hii. Mwenye nyumba anabisha mlango. Oili haipigi simu. Katika orodha ya wanaomdai mzee, oili ndiye mdai pekee aliyenyamaza, na maskini humlipa kwanza anayepiga kelele.

Waswahili walishasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli. Lakini methali haisemi aliyeona ufa alikuwa na simenti au hakuwa nayo siku ile. Mzee aliona kikadi kile kila mara alipofungua boneti kuongeza maji. Aliniambia alikuwa anajiambia, wiki ijayo. Mayai yakipanda bei, wiki ijayo. Karo ikiitishwa, wiki ijayo. Karo yangu. Hapo ndipo lawama yangu ilipokosa pa kukaa.

Siku hizi tumefanya mpango. Mimi ninaandika vijikazi vya hapa na pale, na kila siku gari linapotoka, mzee ananitumia shilingi 50 kwa M-Pesa, na mimi siziguswi hata nikiwa nimelala njaa. Nimejifanya mdai. Ninapiga simu kwa niaba ya oili. Anakasirika, ananiita mkusanya kodi, lakini anatuma.

Kikadi cha sasa kimeandikwa 231,000. Leo asubuhi kabla hajatoka nimechungulia mita: 230,700. Nikamwambia Jumamosi tunaenda kwa fundi. Amewasha injini, akasikiliza kidogo, akaniangalia dirishani.

"Gari iko sawa," akasema. "Si unaona inatembea?"

Nimekaa na funguo ya akiba mfukoni. Jumamosi ni kesho kutwa.