KICC: wazo dogo, jumba kubwa

Wadau, leo naacha programu kidogo tuongee majengo. Mwaka 1896 Louis Sullivan wa Marekani aliandika kwamba umbo hufuata kazi. Chuoni tulifundishwa karibu vivyo hivyo: jua kazi ya programu kwanza, umbo litakuja. KICC pale Nairobi inanitia shaka.

Miaka ya 1960 wazo lilikuwa ofisi tu ya chama cha KANU, ghorofa chache. Karl Henrik Nøstvik kutoka Norway na David Mutiso wakachora, mteja akaongeza, wakachora tena (mnaoandika programu mnamjua mteja huyu!). Kisha ukaja mkutano wa Benki ya Dunia na IMF wa 1973, ukahitaji ukumbi mkubwa. Likatoka jumba la mita 105, na kando yake ukumbi wenye paa kama nyumba ya msonge, ila ya zege. Mwaka 2003 serikali ikalitwaa kutoka KANU. Kazi ya kwanza ilikwisha. Msonge bado upo.

Hapa Lanet pia tunajenga hivyo: chumba kimoja, na vyuma vya nguzo vimechomoza juu vikingoja ghorofa ambayo pesa zake hazijapatikana.