Kobe na mwanafunzi wa chuo: Mambo ya kupimwa kabla ya kumfuga

MWANAFUNZI wa chuo kikuu anayeondoka chumbani alfajiri na kurejea usiku ana sababu nyingi za kumtamani kobe. Mnyama huyu habweki, hahitaji kutembezwa, hula majani na hutulia mahali pamoja.

Hata hivyo, kwa wanafunzi wa Nyeri, Karatina, Nanyuki, Chuka, Embu na miji mingine inayouzunguka Mlima Kenya, upole huo hudanganya. Mambo matatu yanafaa kupimwa kwanza: sheria ya nchi, baridi ya mlimani na umri wa mnyama mwenyewe.

AINA ZA KOBE

Kobe anayeonekana zaidi katika nyanda kavu za Laikipia, kaskazini mwa Nanyuki, ni yule mwenye gamba lililojaa madoa kama ya chui. Kitaalamu huitwa Stigmochelys pardalis. Anapokomaa, gamba lake huweza kufikia urefu wa sentimita 40 na uzani wake kupita kilo 10. Kwa hivyo, kobe anayetoshea kiganjani leo atakuwa mzigo wa kubebwa kwa mikono miwili.

Upande wa mashariki wa mlima, katika maeneo makavu ya Tharaka, kuna kobe mwingine mdogo na bapa kama chapati, anayejificha katika nyufa za miamba. Huyu ni Malacochersus tornieri. Jike lake kwa kawaida hutaga yai moja tu kwa wakati, ndiyo sababu idadi yake haiongezeki upesi wanapokamatwa wengi. Mwaka wa 2019, mkutano wa mataifa uliofanyika Geneva, Uswisi, ulimpandisha hadi Orodha ya Kwanza ya mkataba wa CITES, inayopiga marufuku biashara ya kimataifa ya wanyama waliotolewa porini.

SHERIA

Nchini Kenya, kobe ni mnyamapori hata akipatikana kando ya shamba la mahindi. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka wa 2013 inahesabu mnyamapori, awe hai au amekufa, kuwa nyara. Anayepatikana na nyara bila kibali anakabiliwa na faini isiyopungua Sh1 milioni, au kifungo kisichopungua miaka mitano, au adhabu zote mbili.

Wapo wanaodhani kwamba mkono wa sheria huwafikia wenye pembe za ndovu pekee. Mnamo Mei 2025, mahakama ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta iliwatoza vijana wawili raia wa Ubelgiji faini ya Sh1 milioni kila mmoja, au kifungo cha mwaka mmoja, kwa kupatikana na maelfu ya sisimizi. Ikiwa sisimizi analindwa hivyo, kobe hawezi kusahaulika.

Sheria hiyo hiyo haikufunga mlango kabisa. Kobe ni miongoni mwa wanyama wanaoweza kufugwa kwa leseni chini ya usimamizi wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), ambalo lina afisi Mweiga, kilomita chache kutoka mjini Nyeri. Ni vigumu kwa mwanafunzi aliyepanga chumba kimoja kutimiza masharti ya ufugaji huo, kwa sababu ardhi, ua na jengo si mali yake.

BARIDI YA MLIMANI

Mwili wa kobe hautengenezi joto lake wenyewe. Huota jua asubuhi, kisha huanza kula, na joto hilo ndilo linalomwezesha kusaga chakula tumboni. Kobe wa madoa ni wa nyika zenye jua na halali usingizi mrefu wa majira ya baridi kama walivyo baadhi ya kobe wa Ulaya.

Mji wa Nyeri uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kati ya Juni na Agosti, ukungu huweza kulifunika jua kwa siku kadhaa mfululizo. Kobe anayelala kwenye sakafu ya saruji wakati huo huacha kula, hutoa kamasi na povu puani, na huweza kufa kwa ugonjwa wa mapafu.

Kumweka dirishani hakutoshi. Kioo huzuia sehemu kubwa ya miale ya jua inayomsaidia kujenga vitamini D, na bila vitamini hiyo gamba na mifupa hulegea. Taa maalumu za kufidia miale hiyo zipo, lakini hugharimu pesa, hutumia umeme kila siku na hazina kazi stima zinapopotea.

CHAKULA NA USAFI

Chakula chake kikuu ni nyasi na majani ya porini. Ugali, mkate, maziwa na nyama havimfai. Katika maeneo yanayokuza kahawa, chai na mboga, majani yaliyonyunyiziwa dawa ya kuua wadudu ni hatari kwake.

Kobe pia huweza kubeba bakteria wa salmonela bila kuonyesha dalili yoyote. Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa kobe wadogo mwaka wa 1975 baada ya watoto wengi kuambukizwa. Anayemgusa sharti anawe mikono kwa sabuni, na asimwoshe katika karai la vyombo.

UMRI

Masomo ya shahada huchukua miaka minne au mitano, ilhali kobe wa madoa aliyetunzwa vyema huweza kuishi zaidi ya miaka 50. Anayemchukua akiwa na miaka 20 atakuwa naye atakapostaafu, baada ya kuhama vyumba na huenda hata miji mara nyingi. Muhula unapokwisha, ni lazima apatikane mtu wa kumtunza, naye pia awe ndani ya sheria.

Kumwachilia porini baada ya kuchoka naye si suluhisho, kwani huweza kuwapelekea kobe wa huko magonjwa aliyoyapata kwa binadamu.

KWA WALIO NA LESENI

Familia yenye leseni na ua wa kutosha inapomchagua kobe, itazame kwanza hati za anayemtoa. Maneno kwamba mnyama "alizaliwa nyumbani" si kibali. Kisha itazame macho, ambayo yanafaa kuwa maangavu. Pua, iwe kavu. Na gamba, liwe gumu lisilobonyea. Kobe mwenye afya huhisika mzito kuliko anavyoonekana, na huirudisha miguu ndani kwa nguvu anapoguswa.

Ua uwe na jua, kivuli, maji ya kina kifupi na kibanda kikavu chenye nyasi, mahali ambapo mbwa hawafiki.

UKIMKUTA BARABARANI

Anayemkuta kobe akivuka barabara, kwa mfano kati ya Nanyuki na Timau, amsogeze hadi upande aliokuwa akielekea, bila kumwinua juu wala kumtikisa. Akitishika, hukojoa na kupoteza maji aliyoyahifadhi kwa siku za ukame. Aliyejeruhiwa aripotiwe kwa KWS.

Mwanafunzi anayetaka kuwa karibu na wanyama ana njia nyingine. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi mjini Nyeri kina hifadhi yake ya wanyamapori, na karibu na Nanyuki kuna makao ya wanyama yatima chini ya hifadhi ya Mount Kenya Wildlife Conservancy. Anayetaka mnyama wa kumlisha kila jioni anaweza kuanza na sungura, iwapo mwenye nyumba atakubali. Sungura wa kufugwa hahitaji kibali cha KWS, anastahimili baridi ya Nyeri akiwa na kibanda kikavu, na umri wake wa miaka minane hivi unaweza kupangiwa mapema.