Seva Zikijaa: Hivi Ndivyo Kazi Hugawanywa Kwa Klaudi na Fogi

Matokeo ya KCSE yakitoka, watu kibao hufungua simu dakika ile ile. Peji inazunguka, inazunguka, halafu inahang. Wasee wanalaumu bando, kumbe mara mob shida iko kwa seva: moja imejaa, jirani yake imekaa tu.

Klaudi si mawingu, ni kompyuta za kukodisha kwa majumba makubwa. Mbele yao kuna programu inaitwa lodi balansa, na kazi yake ni kama ya makanga wa steji: kuamua nani anapanda gari gani.

Njia rahisi ni zamu. Ombi la kwanza seva ya kwanza, la pili ya pili, zikiisha unarudi mwanzo. Lakini maombi hayatoshani. Huyu anacheki picha, yule anapandisha video ya saa nzima, na seva moja inaweza angukiwa na wazito watupu. Sasa unasema, si wapelekwe penye foleni fupi? Iko poa, ila balansa zikiwa kadhaa na zinatumia habari ya sekunde tano zilizopita, zote zitaona seva moja tupu na kuirukia pamoja. Inakufa.

Dawa yake ni rahisi hadi inashangaza. Okota seva mbili kwa bahati nasibu, linganisha, tuma kwa ile yenye foleni fupi. Michael Mitzenmacher aliichambua kwa tasnifu yake ya PhD pale Berkeley mwaka wa 1996: kutoka seva moja hadi mbili, foleni ndefu zinapungua vibaya sana, ukiongeza ya tatu, faida ni kidogo tu. NGINX iko na hiyo mbinu hadi leo.

Sasa fogi. Hili jina lilisukumwa na watu wa Cisco mwaka wa 2012, wakimaanisha klaudi iliyoshuka chini karibu na wewe: kompyuta ndogo kando ya kamera, mnara wa simu au mashine ya kiwandani. Mbona ishuke? Kutoka Nairobi hadi Cape Town, penye Amazon ilifungua seva zake 2020, ni kama kilomita 4,000. Mwanga ndani ya faiba huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, so kwenda na kurudi ni milisekunde 40 hata kabla seva ifikirie chochote. Kwa meseji, sawa. Kwa mashine inayotakiwa kusimama saa hiyo hiyo, noma.

Lakini kifaa cha fogi hakina misuli. Kwa hivyo mpangaji anauliza kila kazi: una haraka kiasi gani, na uko na data ngapi? Ya haraka inabaki hapa. Ripoti ya mwezi mzima inasafiri usiku.

Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ya Kenya ikalegea. Siku kama hiyo, kazi inayoishia Nairobi haina haja ya kugusa bahari. Ile ya Cape Town inapanga foleni.