Flash Ilivyowaacha Mafundi Wake Njia Panda

Kitambo hicho, ukitaka gemu au katuni kwenye tovuti, mchongo ulikuwa Flash ya Adobe. Hata YouTube ilipoanza 2005, video zake zilichezwa kwa Flash. Mafundi wake walikuwa wanapiga hela kwa lugha moja tu, ActionScript.

2007 iPhone ikatoka, haina Flash. Wengi wakasema itawekwa tu. Wapi! Aprili 2010 bosi wa Apple akaandika barua ya wazi: inamaliza betri, usalama wake mbovu, haikutengenezwa kwa simu za kugusa.

Hapo ndipo kasheshe. Uanze kujifunza JavaScript wakati wateja bado wanalipia Flash? Waliosubiri hawakuwa wajinga, maana kwenye kompyuta ilikuwa bado inafanya kazi. Ila Novemba 2011 Adobe wenyewe wakatangaza kuacha kuendeleza Flash ya brauza za simu.

Afadhali ActionScript na JavaScript ni ndugu, zote zinafuata kanuni za ECMAScript. Aliyeijua lugha yenyewe alihama nayo. Aliyezoea kubonyeza vitufe vya programu tu, huyo alianza sifuri.

31 Desemba 2020 Adobe wakaacha kuihudumia. 12 Januari 2021 wakaifunga, na gemu kibao zikagoma kufunguka.