Ziara ya Madina

Ziara ya Madina ni safari ya Muislamu kwenda mji wa Madina, magharibi mwa Saudia, ili kuswali katika Msikiti wa Mtume, kumtolea salamu Mtume Muhammad (s.a.w.) mbele ya kaburi lake, na kuzuru makaburi, misikiti na viwanja vya vita vinavyofungamana na maisha yake. Mahujaji walio wengi huifanya kabla au baada ya hija ya Makka, mji ulio kusini kwa umbali wa kilomita 450 hivi kwa barabara. Ziara hii si nguzo ya hija, na asiyefika Madina hija yake imetimia. Haina ihramu, talbiya, tawafu wala siku maalumu; hufanywa wakati wowote wa mwaka.

Hukumu yake

Msingi wa safari hii ni hadithi ya misikiti mitatu inayofungiwa safari: Msikiti Mtukufu wa Makka, Msikiti wa Mtume na Msikiti wa Aqsa. Hadithi nyingine inaeleza kuwa swala moja katika Msikiti wa Mtume ni bora kuliko swala 1,000 kwingineko, isipokuwa Makka.

Wanazuoni walihitilafiana kuhusu nia. Imamu Nawawi (aliyefariki 1277), mmoja wa mabingwa wa madhehebu ya Shafi yaliyoenea pwani ya Afrika Mashariki, aliihesabu ziara ya kaburi la Mtume miongoni mwa ibada kubwa za kumkurubia Mungu. Ibn Taymiyya (aliyefariki 1328) alishika kwamba msafiri anuie msikiti, si kaburi; akishafika, kutoa salamu ni sunna. Taqiyuddin as-Subki (aliyefariki 1355) aliandika kitabu kizima kumjibu. Mjadala huo haujakwisha, ingawa kivitendo pande zote mbili hukutana msikitini humo humo.

Mahujaji wengi hukaa Madina siku nane ili wadiriki swala arubaini za jamaa mfululizo. Desturi hiyo inategemea hadithi ambayo wanazuoni hawakubaliani juu ya nguvu yake.

Msikiti wa Mtume

Msikiti ulijengwa mwaka 622, Mtume alipohamia mji huo uliokuwa ukiitwa Yathrib. Kuta zilikuwa za matofali ya udongo, nguzo za magogo ya mitende na paa la makuti. Khalifa Umar aliupanua mwaka 638, na Uthman akaupanua tena baadaye. Kati ya 707 na 709, kwa amri ya khalifa al-Walid, vyumba vya wakeze Mtume vilibomolewa na eneo lake kuingizwa msikitini. Ndipo kaburi, lililokuwa katika chumba cha Bi Aisha, likawa ndani ya jengo. Abu Bakr na Umar wamezikwa hapo hapo. Kuba la kwanza juu ya chumba hicho liliwekwa mwaka 1279 zama za Sultani Qalawun wa Misri. La sasa lilijengwa chini ya Sultani Mahmud II wa Dola ya Uthmaniya mwaka 1818, na mwaka 1837 likapakwa rangi ya kijani.

Kati ya chumba hicho na mimbari ndipo penye Rawdha, ambayo hadithi inaitaja kuwa bustani miongoni mwa bustani za Peponi. Ni mahali padogo, urefu wa mita 22 hivi kwa upana wa mita 15, na kila mgeni hutamani kuswali rakaa mbili humo. Kwa sababu ya msongamano, siku hizi kuingia huhitaji kibali cha saa maalumu kinachoombwa kwa programu ya simu ya Nusuk, na wanawake wana nyakati zao.

Anayetoa salamu kwa kawaida huingia kwa Bab as-Salam, upande wa magharibi, akapita mbele ya kaburi na kutokea upande wa mashariki. Huelekea kaburi, mgongo ukiwa upande wa kibla, akamsalimu Mtume kwa sauti ya chini. Kisha husogea kidogo kuliani kwa Abu Bakr, halafu kwa Umar. Wengi hubeba pia salamu walizopewa na jamaa na majirani waliobaki nyumbani, nao huzifikisha kwa kuwataja kwa majina.

Baqii

Mashariki ya msikiti kuna makaburi ya Baqii, walikozikwa masahaba wengi, mabinti wa Mtume, mwanawe Ibrahim, na wakeze wote ila Khadija na Maymuna, ambao makaburi yao yako Makka na karibu yake. Uthman, khalifa wa tatu, alizikwa nje ya mpaka wa zamani, na baadaye Bani Umayya wakapaingiza mahali hapo ndani. Wamo pia Hasan bin Ali, Ali Zainul Abidin, Muhammad al-Baqir na Jaafar as-Sadiq, ambao Mashia huwafuata kama Maimamu, pamoja na Imamu Malik (aliyefariki 795), ambaye madhehebu ya Maliki yamepewa jina lake. Kwa utaratibu wa mamlaka za Saudia, wanawake hawaingii ndani. Huomba dua wakiwa nje ya uzio.

Nje ya msikiti

Viongozi wa misafara huwapeleka mahujaji kwa mabasi, mara nyingi asubuhi moja, kwenye sehemu nne.

Msikiti wa Quba, kilomita tatu hivi kusini, ndio wa kwanza kujengwa na Mtume alipowasili kutoka Makka. Alikuwa akiuendea kila Jumamosi, kwa miguu au juu ya mnyama, na hadithi inasema anayetawadha nyumbani kwake kisha akaswali humo hupata thawabu za umra. Kwa hiyo wenye kujua hutawadha hotelini kabla ya kupanda basi. Jengo la sasa la miaka ya 1980 lilisanifiwa na Mmisri Abdel-Wahed El-Wakil.

Msikiti wa Qiblatain unakumbukwa kwa kugeuzwa kibla kutoka Baitul Maqdis kuelekea Kaaba, mwaka wa 2 Hijria. Zamani ulikuwa na mihirabu mbili.

Uhud, mlima wa kaskazini, ndipo Waislamu walipopata pigo mwaka 625. Wapiga mishale wapatao 50 waliamriwa wasiondoke juu ya kilima kidogo. Wengi wao waliposhuka kufuata ngawira, wapanda farasi wa Makureshi walizunguka na kuwashambulia kwa nyuma. Mashahidi wapatao 70 waliuawa, akiwamo Hamza, ami yake Mtume. Kilima hicho kipo, na makaburi yamezungushiwa uzio.

Khandaq, chini ya mlima Sal', ni eneo la vita vya mwaka 627. Kwa shauri la Salman al-Farisi, handaki lilichimbwa upande wa kaskazini, kwa kuwa pande nyingine zililindwa na mawe ya volkano na mashamba ya mitende. Mahali hapo huitwa Saba Masajid, yaani misikiti saba, kwa ajili ya misikiti midogo iliyokuwapo.

Mabadiliko ya karne mbili

Makuba ya Baqii yalivunjwa na Mawahabi mwaka 1806, yakajengwa upya na Waturuki, kisha yakavunjwa tena mwaka 1926 chini ya utawala wa Ibn Saud, kwa hoja kwamba kujengea makaburi kunapeleka kwenye shirki. Mashia huadhimisha tukio hilo kila tarehe 8 Shawwal. Leo makaburi mengi hayana jina, na mgeni humtegemea kiongozi wake kujua nani kalala wapi. Upanuzi wa msikiti, hasa ule wa 1984 hadi 1994, ulimeza karibu mji wote wa kale uliouzunguka.

Usafiri nao umebadilika. Misafara ya ngamia ilichukua zaidi ya wiki moja kati ya Makka na Madina. Reli ya Hijazi kutoka Damascus ilifika Madina mwaka 1908 lakini haikuendelezwa hadi Makka. Treni ya kasi ya Haramain, iliyoanza mwaka 2018, hutumia saa mbili na ushei tu kati ya miji hiyo miwili.