Ubao wa Kukanyagia na Warithi Wake Wawili

Anayenunua pikapu ya milango minne kwa ajili ya familia hufika mahali akaulizwa na muuza vifaa: tukufungie ngazi za pembeni, au slaida, yaani yale mabomba mazito ya chuma yanayokinga ubavu wa gari dhidi ya mawe? Vitu hivi hupangwa ukuta mmoja, kwa mbali vinafanana, na mara nyingi huelezwa kana kwamba slaida ni ngazi ileile iliyoongezewa uzito na bei. Sivyo. Vyote viwili vimetokana na ubao mmoja wa zamani, lakini viligawana urithi wake: ngazi ilichukua kazi ya kupandisha watu, slaida ikachukua kazi ya kubeba mzigo. Asiyeujua mgawanyo huo hununua kimoja akitarajia kazi ya kingine, na tofauti huijua gari likishakaa juu ya jiwe.

Watengenezaji wa magari ya mwanzo wa karne ya 20 kule Marekani walirithi mengi kwa mafundi wa magari ya farasi, na barabara zilizowangoja zilikuwa za tope na makorongo. Ford Model T, iliyotoka mwaka 1908 na kutengenezwa zaidi ya milioni 15 hadi ilipokoma mwaka 1927, ilisimama juu ya matairi ya kipenyo cha inchi 30. Sakafu yake ilikuwa juu kiasi kwamba aliyevaa gauni refu la zama hizo asingepanda bila pa kukanyaga. Hapo ndipo ulipokaa ubao, ukiunganisha madigadi ya mbele na ya nyuma. Jambo la kuzingatia ni namna ulivyoshikiliwa: ulilala juu ya mikono ya chuma iliyopigwa ribiti kwenye fremu, si kwenye bodi. Kwa sababu hiyo ubao uliweza kubebeshwa karibu chochote. Magari mengi ya wakati ule yaliweka hapo sanduku la vifaa, dumu la maji au la mafuta, hata mtungi wa gesi ya kuwashia taa kabla taa za umeme hazijaenea. Wasafiri wa masafa marefu walifunga uzio wa kukunja pembeni mwa ubao wakapakia mahema na mabegi, na kama mlango wa upande huo haukufunguka tena mpaka mwisho wa safari, walipitia upande wa pili. Rais Franklin Roosevelt naye alikuwa na Lincoln ya mwaka 1939 yenye mbao pana na vishikio, ili walinzi wake wasimame ubavuni gari likiwa linatembea. Kifaa kinachobeba wanaume wazima kwenye gari linalokwenda hakiwezi kuitwa pambo.

Kilichouondoa ubao ni mabadiliko ya umbo la gari na ya barabara kwa pamoja. Lami ilienea, fremu zikashushwa, sakafu ikasogea karibu na ardhi, kisha wachoraji wa magari wakagundua kwamba bodi ikipanuliwa hadi juu ya ubao, abiria watapata nafasi zaidi ndani. Cadillac Sixty Special ya mwaka 1938 ilitoka bila ubao wa nje, na baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia magari mapya karibu yote ya Marekani yaliifuata. Volkswagen ya mgongo wa kobe ndiyo iliyong'ang'ania ubao wake mpaka la mwisho lilipotoka kiwandani Puebla, Meksiko, mwaka 2003. Kwenye pikapu mabadiliko yalikawia kidogo, kwa kuwa karai la nyuma lilikuwa jembamba na madigadi yalitokeza nje, huku kidato kikibaki kati ya kabini na tairi la nyuma. Chevrolet Cameo ya mwaka 1955 ilinyoosha ubavu kwa paneli za plastiki na nyuzi za kioo, Ford ikafanya hivyo kwa chuma mwaka 1957, na Chevrolet ikafuata mwaka 1958. Kuanzia hapo karai lenye kidato lilizidi kuwa chaguo la wachache, na hatimaye likanunuliwa zaidi kwa sura yake.

Mwaka huohuo wa 1957 International Harvester ilitoa Travelette, pikapu ya milango mitatu yenye viti vya nyuma. Gari la kazi lilianza kuwa la familia. Kisha likaja suala la magurudumu manne yanayovuta. Hilux, kwa mfano, ilipata mfumo huo mwaka 1979, na mfumo huo huhitaji nafasi chini, kwa hiyo sakafu iliyochukua miongo kushuka ikapanda tena. Mtoto, bibi na mwenye nguo ya kubana wakarudi palepale walipokuwa abiria wa Model T. Ngazi ikarudi nao, lakini safari hii ilirudi kama kifaa cha kuongezwa baadaye: bomba jepesi au bamba la alumini, mara nyingi likishikwa na vibano vyembamba chini ya kizingiti cha mlango. Inatosha kabisa kwa uzito wa mtu mmoja anayepanda na kushuka. Gari likikaa juu ya jiwe kwa tani nzima, ngazi hiyo hukunjika na kuusukuma ule ubati iliofungwa nao.

Slaida ina asili nyingine. Njia ya Rubicon katika milima ya Sierra Nevada, California, imejaa mawe makubwa, na mwaka 1953 watu wa mji wa Georgetown walianzisha huko msafara wa Jeep ambao umekuwa desturi ya kila mwaka. Jeep za kiraia za wakati ule zilikuwa na inchi 80 tu kati ya ekseli na ekseli, yaani milimita 2,032. Hilux ya milango minne ya mwaka 2005 ina milimita 3,085. Hesabu ni nyepesi: magari mawili yakiwa na kimo kimoja kutoka ardhini, lile refu ndilo litakalotangulia kugusa kwa tumbo na ubavu. Ndiyo maana pikapu ya familia, ambayo wengi huiona haina haja na vyombo vya wapanda mawe, kwa umbo lake inavihitaji kuliko ile Jeep fupi. Slaida iliyotengenezwa vizuri hufungwa kwa bolti au huchomelewa kwenye fremu, mahali palepale iliposhika mikono ya ubao wa Model T. Unaweza kuiwekea jeki ukainua gari.

Yapo mapingamizi ya haki. La kwanza ni kwamba slaida hukaa juu, imejibana na kizingiti, hivyo humsaidia mtoto kidogo sana kupanda. Ni kweli, na hata zile zenye bomba la pili lililotokeza nje hazifiki chini kama ngazi. La pili ni uzito: chuma kinene huongeza makumi ya kilo, na anayelala na kuamka kwenye lami atailipia mafuta bila faida. La tatu ni kwamba baadhi ya vyuma vya kiwandani vya Jeep hufungwa kwenye bodi na bado hufanya kazi. Hilo nalikubali, lakini bodi hiyo iliandaliwa tangu mwanzo kuvipokea. Kizingiti cha pikapu ya kawaida hakikupewa maandalizi hayo. Wapo pia wasemao ngazi hukinga ubavu kwa kiasi chake. Hukinga dhidi ya kokoto na mlango wa gari la jirani. Kwa mwamba, ngazi inayoning'inia hupunguza nafasi ya chini na ndiyo hutangulia kugonga, kwa hiyo familia inayokwenda shamba kwa njia ya makorongo inalipia kitu kinacholeta ajali karibu.

Hukumu yangu, basi, haipo katikati. Kama gari linapeleka watoto shule na wazee hospitali, na nje ya lami linakanyaga changarawe tu, nunua ngazi, iwe ndefu na ishuke chini vya kutosha. Slaida itakuwa maonyesho. Kama kila mwezi kuna kilima cha mawe au mto wa kuvuka, nunua slaida, na kwa mzee beba kigoda cha kukanyagia, ambacho ni nafuu kuliko kunyoosha kizingiti kilichopondeka. Kabla ya kulipa, inama chini ya gari utazame bolti zinaingia wapi. Zikiingia kwenye ubati, umenunua ngazi, hata kama kwenye boksi pameandikwa jina la slaida.