Chatu mweupe wa kwenye simu: nyoka wanavyozalishwa kwa ajili ya rangi

Picha za chatu mweupe mwenye mabaka ya njano na macho mekundu huzunguka sana kwenye simu hapa Bariadi, na kila zinapopita tunaulizwa swali lile lile: ni nyoka wa kweli, amepakwa rangi, au ni wa kishirikina? Ni nyoka wa kweli. Hakupakwa kitu. Rangi hiyo ameirithi, na wapo watu ambao kazi yao ni kuchagua dume na jike ili watoto watoke hivyo.

Mkulima wa pamba wa Simiyu anaijua kazi ya kuchagua mbegu, hata kama hajawahi kuiita kwa jina la kitaalamu. Mbegu kama UK 91 na UKM08 zilitoka kituo cha utafiti cha Ukiriguru baada ya wataalamu kuchagua mimea kwa misimu mingi, wakiangalia mavuno, ubora wa nyuzi na uwezo wa kuhimili magonjwa. Anayezalisha nyoka wa kufuga hufuata njia hiyo hiyo, ila yeye hatafuti nyama wala ngozi. Anatafuta sura tu.

Nyoka anayezalishwa sana kwa namna hii ni chatu mdogo wa Afrika Magharibi, kwa jina la kisayansi Python regius. Si huyu chatu wetu. Kwa kawaida hazidi mita 1.5, ni mpole, na akiogopa hujiviringisha kama mpira, kichwa akikificha katikati. Ghana, Togo na Benin zimeuza wengi Marekani na Ulaya, ambako watu huwafuga ndani ya nyumba. Rangi yake ya asili ni kahawia na nyeusi, lakini mara chache porini hupatikana mmoja wa tofauti, na huyo ndiye aliyetafutwa kwa bei kubwa. Mwaka 1992 mfugaji wa Marekani, Bob Clark, alifanikiwa kuzalisha weupe kutoka kwa nyoka aliokuwa akiwafuga. Tangu hapo biashara ikashika kasi.

Weupe huo unarithiwa hivi. Mtoto hupata nakala moja ya kinasaba kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Kinasaba cha weupe hujificha: nyoka mwenye nakala moja tu anaonekana wa kawaida kabisa, ila amekibeba. Wabebaji wawili wakipandana, kila yai lina nafasi moja kati ya nne ya kutoa mweupe. Jike hutaga mayai machache, mara nyingi kati ya 4 na 8, kwa hiyo mfugaji anaweza kumaliza mwaka bila kupata hata mmoja. Wengine hufupisha njia kwa kupandisha ndugu kwa ndugu, au mtoto kwa mzazi, na hapo kasoro nyingine zilizojificha nazo hupata nafasi ya kujitokeza.

Tunataka kukaa kidogo hapa, kwa sababu katika Kanda ya Ziwa jambo hili limegharimu maisha ya watu. Hatumlinganishi mtu na nyoka. Lakini kanuni ya kurithi ni moja: mtoto mwenye ualbino huzaliwa pale baba na mama wote wawili wanapokuwa wamebeba kinasaba hicho, hata kama wote ni weusi. Mwanamume anayemfukuza mke wake kwa kuzaa mtoto mwenye ualbino anamwadhibu kwa jambo ambalo nusu yake limetoka kwake mwenyewe. Na hakuna utajiri wala dawa ndani ya ngozi hiyo, ya mtu au ya nyoka. Kilichopungua ni melanini, ile rangi inayoikinga ngozi na jua.

Turudi kwenye biashara. Weupe wa kwanza waliuzwa kwa maelfu ya dola. Walipozidi kuwa wengi bei ikashuka, na wafugaji wakaanza kuunganisha vinasaba viwili, vitatu na zaidi ili wapate sura ambayo mwenzao hana. Aina moja iliyopendwa sana ni ile inayoitwa Buibui, yenye michirizi myembamba myeusi kama utando. Shida ni kwamba kinasaba kinachochora michirizi hiyo huharibu pia sikio la ndani, sehemu inayomsaidia mnyama kujua juu ni wapi na chini ni wapi. Uchunguzi wa eksirei uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha ulemavu huo. Nyoka wa aina hii hutikisa kichwa, wengine hujipinda mpaka tumbo likawa juu, na wapo wanaokosa windo lililo mbele yao. Baadhi ya maonyesho ya wanyama Ulaya yamekataa kuwauza. Kwa maoni yetu walichelewa: dalili zilionekana kwa macho miaka mingi kabla ya eksirei.

Na hapa kwetu? Usukumani nyoka wana historia ndefu, lakini si ya kuwazalisha. Chama cha Wayeye, mafundi wa nyoka na wa dawa za kuumwa na nyoka, huwakamata porini na kucheza nao. Katika mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, mchezaji anayeingia uwanjani na chatu mabegani anaweza kuwavuta watazamaji wote upande wake, na watazamaji ndio ushindi. Chatu huyo ni mkubwa kuliko wa Afrika Magharibi mara nyingi. Jike lake hujizungushia mayai kuyalinda, na hubaki karibu na watoto kwa siku kadhaa baada ya kuanguliwa.

Anayewaza kuanzisha ufugaji wa nyoka wa rangi ajue kwamba Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali cha kumiliki mnyamapori, na kwamba mwaka 2016 Serikali ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi. Chatu akionekana shambani, iwe Meatu, Itilima au Maswa, asipigwe wala asifungiwe kwenye kiroba. Mpe nafasi aondoke, wazuie watoto na mbwa, kisha mpigie ofisa wanyamapori wa wilaya.